Saa Moja ya Kumwona Baba

Jumatatu

Naandika kwa kalamu ya msimamizi, ambayo nimeiazima bila kumwambia. Nimeamua kuandika kwa sababu juzi nilimaliza kula, nikaosha bakuli, halafu nikamwuliza Mama Pacha, mwenzangu wa kazi, tutakula saa ngapi. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka sana. Mtu akianza kusahau tumbo lake, hajui kesho atasahau nini.

Mvua imeanza, na sisi wa chumba cha kufulia tunaichukia kuliko mwenye paa bovu. Nguo za hospitali nzima zinakuja kwetu. Wakati wa jua tunaanika uani, na shuka zinakauka kabla hatujamaliza kumsengenya mtu mmoja. Mvua ikinyesha, kila kitu kinangoja mashine mbili za kukaushia, na moja imekufa. Kwa hiyo msimamizi ametangaza kwamba zamu itaanza alfajiri na itaisha shuka zikiisha. Siku za mapumziko zimesimamishwa kwa muda. Muda gani, hakusema. Tunamwita Saa Mbovu, kwa sababu saa yake iko mbele tunapoingia na iko nyuma tunapotaka kutoka.

Jumanne

Shuka.

Jumatano

Shuka, na foronya.

Ijumaa

Baba amelazwa. Kaka alimleta jana akiwa amembeba mgongoni kutoka kituoni, maana baba alikataa kiti cha magurudumu, akasema yeye si mzigo wa sokoni. Moyo umechoka, daktari amesema, na maji yamejaa mapafuni. Baba alikuwa kinyozi maisha yake yote mpaka mikono ilipoanza kutetemeka. Ukimlaza mtu kama huyo kitandani bila kichwa cha kushika mbele yake, anabaki na mdomo tu.

Yuko wodi ya wanaume, ng'ambo ya ua wetu. Ningeweza kurusha ndala ikafika. Lakini sheria ya hospitali ni kwamba anayeshika nguo chafu haingii wodini mpaka aoge na kubadilisha nguo zote, tena aingie saa ya kuona wagonjwa, ambayo ni moja tu, alasiri. Alasiri mimi niko kwenye pasi. Alfajiri ninapoingia wodi imefungwa, na jioni ninapotoka imefungwa pia.

Nilimwomba Saa Mbovu ruhusa. Akaangalia zile shuka zilizorundikana mpaka dirishani, akasema, "Dada, kila mtu hapa ana mgonjwa."

Nilimchukia hapo hapo.

Jumamosi

Shuka za wodi ya wanaume zina mstari wa kijani pembeni. Zamani sikuwa nauona. Leo kila mstari wa kijani uliopita kwenye pasi niliushika kwa vidole, nikahakikisha shuka haina unyevu hata kidogo. Shuka mbichi na kifua kibovu havipatani. Mama Pacha aliniona nazirudisha nyingine kwenye mashine.

"Wodi ya watoto watalalia maji leo," akasema.

"Watoto wana joto lao," nikamjibu, na nikaona aibu kidogo.

Jumapili

Nimefanya kazi. Jumapili siku hizi ni Jumatatu iliyovaa kanga safi.

Jumanne

Nieleze jinsi tunavyoishi, maana asiyefanya kazi hii atadhani sisi ni vyuma.

Pasi yetu ni silinda kubwa ya moto, ndefu kama kitanda. Wawili wanalisha shuka upande huu, wawili wanapokea upande ule na kukunja. Watano tumo kwenye kundi, ili mmoja awe anasukuma matoroli. Lakini toroli hujisukuma lenyewe ukilipiga teke vizuri, kwa hiyo yule wa tano huwa analala. Stoo kuna marundo ya foronya, laini, zenye joto. Unaingia, unalala kidogo, unaamshwa, anaingia mwingine. Kwa lugha yetu huko ni kuhesabu foronya. Saa Mbovu akiuliza fulani yuko wapi, tunamwambia anahesabu foronya. Sheria yetu ni moja tu: asikosekane zaidi ya mtu mmoja kwa wakati. Wakikosekana wawili, shuka zinajikunja kwenye silinda na kuungua, na wote tumekwisha.

Mwanzoni nilimwona Mama Pacha mtu wa kujipa ukubwa. Yeye ndiye anayepanga zamu za kulala, anajua nani kaumwa, nani ana mtoto asiyelala, nani anajitia mgonjwa. Ana sauti ya kufukuza kuku. Sasa naona kwamba bila yeye tungekuwa tunagombania zile foronya kama watoto.

Alhamisi

Kaka huenda kumwona baba kila alasiri na bakuli la uji. Kaka ni fundi baiskeli, na siku za mvua hana wateja. Nilikuwa nikimwona mvivu, mtu wa kukaa kwenye benchi na spana mkononi, akingoja pancha za watu. Leo nimemkuta nyumbani anafua shati la baba kwa mkono, polepole, kola mpaka pindo. Nikamwambia, "Lete nikufulie." Akasema, "Wewe umeshafua za kutosha."

Akaniambia pia kwamba baba anauliza kila siku nitakuja lini.

"Anasema ana neno la kukwambia. Wewe tu."

"Neno gani?"

"Ningelijua angekuita wewe?" Alikuwa amekasirika kidogo. Yeye ndiye anayebeba uji, halafu neno ni langu.

Ijumaa

Nimewaza juu ya neno hilo kutwa nzima. Huenda ni vyumba vyetu, nani abaki navyo. Huenda ni yule mwanaume aliyekuja kuniposa mwaka juzi na baba akamnyoa vibaya makusudi. Huenda ni mambo ya mama, maana mama alipofariki mimi nilikuwa mdogo na kuna vitu baba hajawahi kuvisema.

Jumamosi

Kitanda cha baba hakionekani kutoka uani, ila cha jirani yake kinaonekana, kiko dirishani. Ni mzee aliyekuwa dereva wa lori, kaka ameniambia, mguu wake umefungwa plasta hadi nyongani. Leo mvua ilikatika kidogo, nikatoka na toroli, nikamwona Dereva ananitazama. Akageuka ndani akasema kitu, halafu akanyanyua mkono akanipungia mara mbili. Halafu akaonyesha nyuma yake kwa kidole gumba. Nikaelewa kwamba mkono ule si wake.

Nilipunga mpaka Saa Mbovu akauliza kama nafukuza nyuki.

Jumatatu

Shuka. Mguu umevimba.

Jumanne

Nimemwambia Mama Pacha kila kitu. Nilidhani atanipa pole, watu wakishachoka hawana kingine cha kukupa. Akaweka shuka chini, akafikiri.

"Unahitaji muda gani?"

"Kuoga, kubadilisha, kuvuka ua, saa ya kuona wagonjwa, kurudi."

"Basi siku hiyo wewe ndiye unayehesabu foronya, alasiri nzima. Sisi hatulali. Yamekwisha."

Nikasema hapana. Sitaki watu wanne wanichukie kwa usingizi wao. Akasema watu hawachukiani kwa kitu kidogo hivyo, na kwamba nitalipa baadaye. Nikamwambia mimi silipi baadaye, mimi nalipa kwanza. Hadi Alhamisi zamu zangu zote za kulala wazichukue wao, halafu Ijumaa niende nikiwa sina deni la mtu.

"Una kiburi wewe," akasema Mama Pacha. "Cha baba yako?"

"Cha baba yangu."

Jumatano

Sikulala. Niliimba. Waliokuwa wakipokea upande wa pili wamesema afadhali nilale.

Alhamisi

Silinda naiona inakuja na kurudi. Nimekunja shuka moja mara tatu nikidhani ni tatu. Mwenzangu mmoja kanishika bega akaniambia nikahesabu japo kidogo, nikamkatalia. Kesho. Kesho namwona baba.

Ijumaa

Naandika hapa hapa, kwenye ngazi ya nyuma.

Niliondoka kama tulivyopanga. Nikaoga kwa yale maji ya moto ya mashine, nikajisugua mpaka nikawa mwekundu viganjani, nikavaa gauni langu la kijani ambalo baba hulipenda. Nesi wa mlangoni alininusa kama mbwa wa forodha, akaniruhusu.

Baba alikuwa ameketi, mito miwili mgongoni. Amekonda. Shingo yake imekuwa ya mtoto. Lakini alikuwa amenyoa ndevu, na nilipoinama kumwamkia akasema, "Marahaba. Mbona umechelewa wiki mbili?"

Nikacheka, nikalia, nikakaa kwenye kile kiti cha plastiki. Dereva alinisalimia kutoka dirishani, akajitia kusoma gazeti, ungedhani ni mke wa mtu anayetaka kutuachia faragha. Mvua ilikuwa inagonga bati taratibu. Wodi ilikuwa na joto. Baba aliushika mkono wangu akaugeuza, akaangalia zile alama za moto kwenye vidole.

"Wanakulisha huko?"

"Wananilisha."

"Shuka zako naziona. Wenzangu wote wanauliza kwa nini wodi hii shuka zake kavu. Nawaambia nina mtu ndani ya serikali."

Nikamwuliza, "Baba, kaka amesema una neno."

"Ninalo," akasema. "Weka kichwa hapa kwanza, unayumba."

Nikaweka kichwa kwenye ukingo wa kitanda, karibu na goti lake. Nilitaka kukiweka kidogo tu, wakati anakohoa, ili akimaliza kukohoa aanze. Nakumbuka mstari wa kijani karibu kabisa na jicho langu. Sikumbuki kingine.

Kilichoniamsha ni kengele ya kutoa wageni.

Niliruka nikasimama. Watu walikuwa wanakusanya vyombo. Nesi alikuwa mlangoni. Nikamtazama baba, yeye akanitazama, ametulia, mkono wake uko kichwani pangu bado, au ulikuwa pale mpaka niliposimama.

"Baba, mbona hukuniamsha?"

"Ulikuwa umelala."

"Neno lako je?"

"Nimeshakwambia."

"Nilikuwa nimelala, baba."

"Sasa hilo ni kosa langu? Mimi nimesema. Limetoka moyoni, nimepoa." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Nilianza kulia kama mtoto mdogo mbele za watu. Nikamwambia si haki, nimekesha siku tatu kwa ajili ya saa hii, arudie, hata kwa kifupi. Nesi akasema dada, muda. Baba akanipangusa machozi kwa ncha ya shuka.

"Njoo siku nyingine, nitarudia. Nenda, usije ukawaponza wenzako."

Nimerudi. Mama Pacha kaniuliza, "Kasema nini?" Nikamwambia nililala. Hakucheka. Aliendelea kulisha shuka, kisha akasema, "Laiti ningekulazimisha kulala." Wamenisimulia kwamba Saa Mbovu alipita akauliza niko wapi, wakamwambia foronya. Akasema foronya za hospitali hii haziishi, akaenda zake. Kumbe anajua. Kumbe siku zote anajua.

Jumamosi

Nataka kujipiga makofi. Nimesoma tena niliyoandika Jumanne: nalipa kwanza. Nimelipa, na nilichonunua nimekilalia.

Jumapili

Mvua kutwa. Kaka aliniuliza kwa tahadhari, "Alikwambia?" Nilishindwa kumwambia nililala. Nikasema, "Aliniambia." Akainama kwenye baiskeli yake, akasema, "Vizuri." Alikuwa amenionea wivu, sasa amenisamehe kwa kitu ambacho sikupata.

Jumatatu

Mama Pacha amepanga tena. Ijumaa hii. Safari hii nimekubali kulipa baadaye. Ameniamuru nilale kila zamu yangu, na ananisimamia mwenyewe, ananifunika.

Jumanne

Nimetoka na toroli mvua ikinyesha. Dereva alinipungia mara moja, halafu akashusha mkono.

Jumatano

Kaka hajawahi kuja kazini kwangu. Leo nilikuwa nalisha shuka, nikainua macho, nikamwona amesimama kwenye mlango mkubwa, ameloa, na bakuli la uji mkononi halijafunguliwa. Sikumwuliza. Niliendelea kulisha ile shuka mpaka ikaisha, sijui kwa nini, niliona nisipoimaliza itaungua.

Saa Mbovu ndiye aliyenivua aproni. Alinifungua fundo la nyuma, kwa vidole vyake vinene, akasema, "Nenda, dada. Nenda." Nilipokuwa naondoka niligeuka nikamwona amekunja mikono ya shati, amesimama mahali pangu, anapangilia pembe za shuka vibaya.

Ijumaa

Tumemzika jana. Leo ndiyo ile Ijumaa.

Jumamosi

Tulikwenda wodini mimi na kaka kuchukua vitu vya baba. Ni vichache: kikombe, kandambili, kioo cha kunyolea, lile shati. Safari hii hakuna aliyeninusa mlangoni. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa, kimepata mtu mwingine, kijana anayelala ameelekea ukutani. Kaka akaenda kwa nesi kuweka saini. Mimi nikamwendea Dereva.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Poleni sana."

Nilimwuliza kama anakumbuka siku niliyokuja. Akasema anakumbuka. Nikamwambia kwamba baba alisema neno nikiwa nimelala, na yeye alikuwa hapo karibu, si rahisi kwamba hakusikia. Nilimwambia sitamchukia likiwa neno baya. Hata kama ni mambo ya vyumba, kaka na mimi tutaelewana. Nilitaka tu kulijua, maana sili, na nikifumba macho namwona anasema na midomo haitoi sauti.

Dereva alitazama nje, uani kwetu. Nikadhani anakumbuka maneno.

"Hakusema kitu," akasema.

"Aliniambia amesema."

"Uliamka unalia. Ulitaka akwambieje?" Akavuta shuka kwenye ule mguu wake wa plasta. "Mimi nimeendesha lori miaka mingi, binti. Namjua mtu anayesinzia na namjua mtu aliyezimika. Wewe ulizimika hata kabla hajamaliza kukohoa. Akachukua gazeti langu, akawa anakupungia nzi. Wale wa kitanda cha pili walikuwa na wageni wao wanacheka, akawaambia, jamani, mwanangu amelala. Wakanyamaza. Wodi nzima ikawa inanong'ona kwa ajili yako."

"Na wewe hukumwambia aniamshe?"

"Nilimwambia. Nikamwambia, mzee, si kutwa unasumbua watu una neno, una neno? Mwamshe basi, kengele inakaribia." Dereva akalikunja gazeti lake. "Akasema, 'Nilikuwa nataka kumwambia alale. Sasa nikimwamsha, nimwambie nini?'"

Kaka alikuja akanikuta nimekaa chini, sakafuni, katikati ya vitanda viwili. Akaweka ule mfuko wa vitu pembeni, akakaa na yeye. Hapo ndipo nilipomwambia ukweli kwamba nililala, na baba alisema nini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Angeniambia mimi, ningekwambia," akasema.

"Nisingekusikiliza."

"Kweli. Usingenisikiliza."

Jumapili

Asubuhi Saa Mbovu ametuma mtu. Nilisikia anabisha, nikamsikia anasema kwa adabu kwamba anajua tuna msiba, lakini shuka zimezidi na mashine ya pili nayo imeanza kulia, kama naweza kuingia japo nusu siku.

"Amelala," kaka akamwambia.

Nilikuwa macho. Ningeweza kuinuka na kuvaa. Nikajifunika mpaka kichwani, nikalala.